Mia Tatu za Upatu

Kitasa cha sanduku la bati kililia ta! gizani, kidogo tu, kama kikohozi cha mtu aliyewahi kujiziba mdomo. Blandina akafumbua macho. Sauti ile aliijua kuliko kengele ya kanisani, maana sanduku hilo ndilo lililokuwa benki yao, kabati lao na meza ya wageni, na halikufunguliwa saa kumi alfajiri ila kwa msiba.

"Baba Severa?"

"Lala tu."

"Unatafuta nini humo?"

Melkiori alikuwa amepiga magoti kando ya mkeka aliolala binti yao, akijizuia hata kupumua kwa nguvu asije akamwamsha.

"Nachukua ile bahasha," alisema.

Bahasha ilikuwa moja tu nyumbani mle. Ndani yake mlikuwa na shilingi ishirini na tano: ada ya Severa, kitambaa cha sare na kibao cha kuandikia. Wanafunzi wapya wangeandikishwa Jumatatu. Mwaka uliopita Severa alikosa nafasi kwa sababu ya surua, na safari hii mwalimu mkuu alikwisha sema wazi kwamba mtoto asiyelipiwa siku hiyo, nafasi yake atapewa mwingine. Darasa lilikuwa limejaa mpaka mlangoni.

"Ni kodi," Melkiori akasema. "Wameniandikia kubwa mwaka huu. Shilingi ishirini zaidi ya tuliyoweka. Mwisho kesho kutwa, Jumamosi."

Blandina aliwasha kibatari. Mumewe akamnyooshea karatasi iliyokunjwa mara nne, imeshika mafuta ya karakana. Kumbe alikuwa ametembea nayo mfukoni wiki nzima huko karakana, mtaa wa Gerezani, akiunda mabehewa ya reli huku moyo unamchoma, na nyumbani hakusema neno.

"Na mshahara wako umepanda?"

"Upande wapi? Mia na hamsini zile zile."

"Basi kwa nini hapa wameandika mapato ya mwaka ni elfu mbili na mia moja?"

Melkiori akajikuna shingo. "Karani aliniuliza fedha zote zilizoingia mkononi mwangu mwaka mzima. Nikamtajia mshahara. Akauliza, na nyingine? Nikakumbuka zile mia tatu za upatu, nilizopokea mwezi wa Machi, tukapeleka Kibosho kwa bati za nyumba ya mama. Nikamtajia nazo."

"Ukamtajia!"

"Ningesema uongo? Mimi nimepata Kipaimara, mama Severa."

Blandina alitaka kucheka, na alitaka kulia. Huyo ndiye aliyemwoa: mtu asiyeweza kumficha karani hata senti isiyokuwa yake. Aliisogeza karatasi karibu na moto, akaisoma polepole kwa kidole, kama walivyofundishwa katika masomo ya jioni Mnazi Mmoja, mpaka mstari wa chini kabisa wenye herufi ndogo kama mayai ya chawa.

"Hapa wanasema mtu asiyeridhika na hesabu hii aweza kuleta maelezo kabla ya siku ya kulipa."

"Serikali haijibiwi, mke wangu. Umesahau mwaka juzi? Askari walinikuta Msimbazi sina tikiti ya kodi, nikalala ndani na wezi wa kuku."

"Sijasahau. Nani alikuletea uji?" Akamshika mkono, ule mkono mgumu kama gome. "Niachie bahasha mpaka Jumamosi. Nikishindwa, utaichukua, na mimi nitamweleza mtoto mwenyewe."

Melkiori alimtazama Severa pale mkekani, mdomo wazi, mguu mmoja nje ya kanga. Kisha akairudisha bahasha sandukuni.

Kulipokucha na mumewe kwenda kazini, Blandina aliketi uani penye kivuli, akatandaza gotini karatasi ya kaki iliyofungiwa sukari. Alichora mstari wa kusimama katikati. Mwalimu wao alikuwa amesema upande huu uandike kinachoingia, upande huu kinachotoka. Darasani walikuwa wakiandika mayai ya mkulima mmoja asiyekuwako. Leo aliandika watu waliokuwako.

Mia na hamsini mara kumi na mbili. Alizidisha, akarudia, asiamini. Elfu moja na mia nane! Fedha hizo zote zimepita katika chumba hiki chenye kitanda kimoja? Alisimamisha kalamu, akakiangalia chumba kupitia mlangoni kama anayemtazama mgeni. Akaandika kodi ya nyumba. Akaandika unga, samaki wa Feri, mafuta ya taa, mkaa, dawa ya surua, sadaka, nauli ya shemeji aliyekuja kutembea akakaa miezi mitatu. Kila tarakimu ilikuwa na sura. Hamsini na nne ilikuwa maziwa ya mtoto. Kumi na moja ilikuwa viatu vya Melkiori, ambavyo alivinunua baada ya kuvikataa mara nne. Mwaka mzima wa maisha yao ulikuja ukaketi juu ya karatasi ya sukari, umetulia, unahesabika, na Blandina akahisi mwili unamsisimka kama mtu aliyepanda mnara akaiona nyumba yake kutoka juu kwa mara ya kwanza.

Akafika kwenye upatu. Kuingia: mia tatu, mwezi wa Machi. Kutoka: thelathini kila mwezi, tangu Januari mpaka Oktoba, miezi kumi. Akazidisha.

Mia tatu.

Aliandika mia tatu kushoto, mia tatu kulia, akatoa. Ikabaki sufuri. Aliitazama sufuri ile muda mrefu. Katika masomo aliidharau, akiiona kama shimo tu, kitu cha kujazia nafasi. Sasa alielewa kwamba duara lile dogo lilikuwa na nguvu ya kumwingiza mtoto shuleni. Zile hazikuwa fedha mpya. Zilikuwa fedha zao wenyewe, zilizotoka mlangoni zikazunguka vyumba vya watu tisa, kisha zikarudi.

"Wewe Mchaga, unaandika barua kwa Malkia?"

Alikuwa Bi Zamzam, mwenye nyumba wao, mama mnene wa Kimanyema mwenye ulimi usiolala. Yeye ndiye aliyekuwa kijumbe wa upatu: fedha zote zilipita mikononi mwake, naye ndiye aliyeamua zamu.

"Shikamoo, Bi Zamzam."

"Marahaba. Nambie."

Blandina akamweleza yote. Bi Zamzam akapiga makofi mpaka bangili zikalia.

"Yaa Rabbi! Kaenda kuutaja upatu wangu kwa karani? Mchaga gani huyo, anayeshindwa hesabu? Mrudishe kwao wakupe mwingine!"

"Wengine wote kama yeye, Bi. Nahitaji ushahidi. Una kumbukumbu yoyote?"

"Kumbukumbu?" Mama yule aliingia ndani akihema, akarudi na daftari lililofungwa kwa utepe wa mtandio. Kurasa zilijaa mwandiko wa Kiarabu, mzuri, ulioinama kama majani ya mpunga. "Shule ya Mzungu sikuiona. Lakini chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nilikaa miaka mitano, na Kiswahili changu nakiandika kwa herufi za Mwenyezi Mungu. Hamna senti iliyonipita humu."

Blandina aligusa ukurasa kwa ncha ya kidole. Miaka minne alikuwa akimhurumia mama huyu kimoyomoyo, akidhani hajui kusoma. Uso ukamwaka kwa aibu.

Ijumaa asubuhi walitoka kwenda ofisi ya kodi, Bi Zamzam ndani ya buibui, Severa katikati yao, na barua fupi ambayo Melkiori alikuwa ametia sahihi huku akisema, "Wakicheka, wanicheke mimi."

Karani wa kodi aliitwa Bwana Hamis, kijana wa tai na wanja wa wino vidoleni. Alisoma barua, akamtazama Blandina juu ya miwani.

"Mwenye kodi yuko wapi?"

"Yuko karakana, Bwana. Asipofanya kazi, hatakuwa na cha kulipa."

Watu wa kwenye foleni wakacheka. Karani hakucheka. Akaivuta karatasi ya kaki, akaanza kupitisha kalamu yake juu ya tarakimu moja moja. Kalamu ilisimama kwenye upatu.

"Hizi mia tatu alizitaja mwenyewe."

"Alizitaja kwa kuwa alizipokea, Bwana. Hukumwuliza kama alizitoa. Alitoa thelathini mara kumi. Ukiweka fedha zako mfuko wa kulia, ukazihamishia wa kushoto, umepata mapato?"

"Maneno matupu. Nani anashuhudia?"

Bi Zamzam akaweka daftari mezani kwa kishindo. "Mimi na hili."

Bwana Hamis akalifungua. Blandina aliona uso wake unabadilika, ukapoteza ukarani, ukawa wa mtoto wa chuo. Akaligeuza daftari, akaweka kidole upande wa kulia, akaanza kusoma kwa sauti, kwanza akikwama, kisha akiteleza:

"Melkiori wa mabehewa, Januari, thelathini. Melkiori wa mabehewa, Februari, thelathini. Machi, katoa thelathini, kapokea mia tatu, kashukuru sana…"

"Alishukuru kweli," Bi Zamzam akasema. "Alinipigia magoti."

Karani alisoma miezi yote kumi, kidole chake kikitoka kulia kwenda kushoto, na macho ya Blandina yakifuatana naye kwenye karatasi ya sukari, kutoka kushoto kwenda kulia. Njia mbili, herufi mbili, wanawake wawili ambao hakuna aliyeweza kusoma kazi ya mwenzake. Zikakutana mahali pamoja. Blandina alitaka kupiga ishara ya msalaba, akaona haya ofisini.

Bwana Hamis akachukua karatasi zote, akaingia mlango wa ndani kwa mkubwa wake. Walikaa. Severa akauliza kama wanaweza kwenda, akaambiwa anyamaze. Jua lilisogea kutoka mguu mmoja wa meza hadi mwingine. Bi Zamzam akaanza kunung'unika kwamba sala itampita.

Mlango ukafunguka. Karani aliketi, akakata elfu mbili na mia moja kwa mstari mmoja wa wino mwekundu, akaandika juu yake elfu moja na mia nane, akagonga muhuri. Pa!

"Kodi yenu ni ya daraja la mwaka jana," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Bibie, umesomea wapi?"

"Mnazi Mmoja, Bwana. Jioni."

Blandina alilipa kwa fedha ile waliyokuwa wameweka tangu mwanzo, akapewa stakabadhi.

Melkiori aliporudi jioni, alisimama mlangoni, kofia mkononi. Blandina akampa stakabadhi, na karatasi ya kaki chini yake. Akasoma ile ya serikali kwanza, midomo ikicheza. Halafu akaketi kitandani na ile ya kaki, akaanza kusafiri nayo: unga, samaki, maziwa, viatu. Alikaa nayo mpaka chai ikapoa.

"Hivi vyote ni sisi?" akauliza.

"Ni sisi."

"Na mimi ndiye niliyeleta elfu na mia nane humu ndani?"

"Wewe, baba Severa. Kwa mikono yako hiyo."

Akaitazama mikono yake, akaigeuza juu chini, kama kwamba ndiyo kwanza amekabidhiwa. Severa alimpanda gotini, akasukuma karatasi pembeni ili aonekane vizuri.

"Baba, Jumatatu naenda shule."