Mteremko wa Marquell Tate

Jumatatu asubuhi, kabla ya mazoezi, Howard Brandvold alipiga magoti katikati ya uwanja wa Mafundi Vioo wa Toledo, timu ya mpira wa kikapu, akaweka pimamaji sakafuni. Kiputo kilikimbilia upande mmoja, kikagota. Brandvold, meneja mkuu wa timu, aliinuka akijifuta vumbi, uso umechanua. Marquell Tate alikuwa amesaini mkataba Ijumaa tu, na sakafu ilikuwa imeshaanza kuinama.

Tate ndiye aliyekuwa mchezaji bora katika ligi nzima, na popote aliposimama palikuwa bondeni. Mpira ulioachiwa pembe yoyote ya uwanja ulibingirika wenyewe mpaka miguuni pake. Mwezi haujaisha, mteremko ukatoka nje ukaingia mitaani. Mayai yetu yalibingirika mezani kuelekea kwa Tate, na timu ikisafiri kwenda Chicago, yalibingirika kuelekea Chicago. Tuliweka vipande vya tofali chini ya meza tukaendelea na kifungua kinywa. Toledo haikuwahi kuwa bingwa wa chochote cha maana, na mtu wa hali hiyo halalamikii yai.

Brandvold alikuwa na njia yake ya kujenga timu. Mameneja wengine walitafuta watu wanaojua kucheza. Yeye alitafuta watu wanaojua kusimama pale mteremko unapowahitaji. Hivyo ndivyo alivyompata Lonnie Pettway.

Lonnie alikuwa mkongwe aliyezunguka nusu ya nchi bila kugusa kombe. Alikubali mshahara mdogo kuliko aliopewa kwingine, maana ligi imeweka ukomo wa jumla ya mishahara kwa kila timu na sehemu kubwa ilikuwa imeshakwenda kwa Tate. Ndivyo inavyofanyika, wanaokatwa husifiwa kwa moyo wao mkubwa. Lonnie hakutaka sifa. Alitaka kitu kimoja: kuwa uwanjani siku vikaratasi vya rangi vinapomwagwa kutoka darini juu ya mabingwa.

Kazi yake ilikuwa kona ya kushoto. Asimame pale, asubiri Tate azongwe na walinzi watatu, apokee mpira, atupe. Siku nzima mguu wa kulia ulikuwa upande wa bondeni, na ilipofika Desemba ukaanza kurefuka. Daktari wa timu aliupima, akaandika, akamwagizia suruali mpya. Brandvold alikuja kuutazama mwenyewe.

"Lonnie, kaka, mguu huo umezaliwa kwa ajili ya kona ile. Unataka Mungu akupe nini tena?"

"Nyumbani nachechemea, bosi."

"Nyumbani huchezi."

Kweli, pale konani alisimama wima kama nguzo, na mipira ikaingia kikapuni mmoja baada ya mwingine. Nyumbani mkewe, Renita, alimtazama akivuka jikoni akacheka mpaka akashika jiko.

"Mwanamume, unatembea kama toroli bovu!"

"Cheka tu. Juni nikirudi bingwa utanipikia keki."

"Juni! Na Februari umeirukaje?"

Februari ndipo dirisha la kubadilishana wachezaji hufungwa, Alhamisi, saa tisa alasiri. Lonnie aliwahi kulitaja hilo kwa Tate wakiwa wanafungwa barafu magotini, na Tate, ambaye hakuwa mtu mbaya, alicheka.

"Mzee, kona yako naipata nikiwa nimefumba macho. Huendi popote wewe."

Alhamisi hiyo wachezaji walikula mchana pamoja, simu zote mezani, kama ilivyo desturi. Siku hiyo hakuna anayempigia mwenzake kwa utani. Meza ilikuwa imeinama, kwa hiyo simu ziliteleza taratibu zikapita vyombo vya chumvi na kujikusanya mbele ya Tate. Saa nane na nusu, simu moja ikalia. Tate aliiokota, akasoma jina, akampa Lonnie bila kumwangalia.

"Tumepata mtu mwenye mikono mirefu zaidi," alisema Brandvold. "Unakwenda Boise. Unajua wewe ni familia."

"Marquell anajua?"

"Tulimuuliza asubuhi. Alisema sawa."

Lonnie alitazama upande wa pili wa meza. Tate alikuwa anatenganisha mbaazi na karoti kwa uma, kwa uangalifu mkubwa.

"Na mguu wangu je?"

"Boise wana madaktari wazuri sana," alisema Brandvold.

Sakafu ya Boise ilikuwa sawa kabisa, haina nyota wa kuiinamisha. Mechi ya kwanza Lonnie alikwenda kwenye kona ya kushoto, akasimama, akaangukia viti vya mashabiki. Watu wa Boise ni waungwana. Walimwinua, wakamrudishia kiatu. Mechi ya pili walimwinua tena. Baada ya hapo timu ikamshukuru kwa mchango wake ikamwacha. Renita, aliyehamia naye Boise, alichukua msumeno akakata miguu ya viti ya upande mmoja, na Lonnie akapata pa kukaa.

Juni, Toledo ilichukua ubingwa. Lonnie aliangalia kwenye televisheni. Vikaratasi vya rangi vilimwagika kutoka darini, vikapinda njiani, vikamwangukia Tate vyote mpaka vikamfika kiunoni. Wenzake walisimama kando yake wakipiga makofi, safi kabisa, hata kimoja hakikuwagusa. Lonnie alilia, na Renita akamwacha alie.

Oktoba ililetwa pete ya ubingwa. Mchezaji aliyeanza msimu na mabingwa hupewa, hata kama aliuzwa katikati. Ilikuwa kubwa, ya dhahabu, jina lake limechorwa vizuri. Aliivaa ikavutika kidoleni kuelekea mashariki, upande wa Toledo. Aliiweka mezani, ikasimama kwa ukingo wake, ikabingirika, ikadondoka, ikapita chini ya mlango.

"Huifuati?" aliuliza Renita.

"Kwa mguu upi?"

Ilifika Toledo wiki iliyofuata, wakati mmoja na pete za wengine waliouzwa. Tate alizikuta kizingitini alipotoka kuchukua gazeti. Alizisoma majina, akazitia kwenye bakuli la funguo pamoja na yake.

Asubuhi hiyohiyo, uwanjani, Brandvold alikuwa amepiga magoti kwenye kona ya kushoto akimpima mtu mpya. Mguu wa kulia ulikuwa bado sawa na wa kushoto. Brandvold alimpigapiga gotini akamwambia asijali, msimu ndio kwanza unaanza, na hapa sote ni familia.