Sura ya Mama Geti

"Mama Geti, kwani siku hizi unapigana vita bila nguo?"

Hilo ndilo swali aliloulizwa na jirani yake msusi asubuhi moja mlangoni, naye akalichukulia kama utani wa kila siku. Msusi alikuwa mtu wa mizaha. Mteja asipokuja, alitania hata viti vyake. Mama Geti alikuwa amekwisha vaa sare, anafunga kamba za viatu aende zamu, na akajibu bila kuinua kichwa kwamba vita vyake ni vya kulinda getini, na nguo anayo, tena ya mikono mirefu.

"Sikutanii, shoga. Njoo uone."

Jina lenyewe la Mama Geti alipewa na mtaa. Tangu mumewe afariki alikuwa mlinzi wa geti la ghala la dawa, na kwa kazi hiyo alimlea binti yake mmoja mpaka akasoma, mpaka akaajiriwa kuchora watu wa michezo ya kwenye simu. Mtaani walimjua kwa mambo mawili: getini hapiti mtu bila kitambulisho, na ibada hakosi. Yeye ndiye aliyekuwa akiwavuta mabinti pembeni baada ya ibada, kwa upole, na kuwanong'oneza juu ya urefu wa sketi zao.

Akaichukua simu ya msusi, akaiweka mbali kidogo na macho, kama wafanyavyo watu wa umri wake. Kwenye kioo alisimama mwanamke ameshika upanga, kifua kinapanda na kushuka kana kwamba anapumua kweli. Meno ya mbele yalikuwa na mwanya. Chini ya jicho la kushoto palikuwa na kidoti. Nyusi moja ilikatika katikati, palepale Mama Geti alipogongwa na komeo la geti mwaka wake wa kwanza kazini. Kuanzia shingoni kwenda chini palikuwa na vipande vitatu vya chuma, na vyote vitatu vikiunganishwa visingetosha kufunika sufuria.

Akaishusha simu.

"Nani kakupa kitu hiki?"

"Si mwanao? Kaniwekea mwenyewe. Alisema bado ni cha majaribio, nicheze nimwambie panaponikwamisha." Msusi alikuwa anajizuia kucheka. "Mwanzoni ulikuwa umevaa, wallahi. Koti refu, buti, kila kitu. Ila akishinda anapanda cheo, na kila cheo kina nguo zake. Sasa nimemfikisha ujemadari."

"Hizo ndizo nguo za jemadari?"

"Ndizo hizo."

"Na wanaume je?"

Msusi akapekuapekua. "Wanaume wanaongezewa chuma. Ona huyu, hata macho hayaonekani."

"Kwa hiyo mwanamume akishinda anavishwa, mwanamke akishinda anavuliwa."

"Wewe nawe, umeshaanza mahubiri." Msusi akaichukua simu yake. "Mimi nampenda hivyohivyo. Kutwa nzima niko na aproni ya mafuta ya nywele, nanuka dawa. Nikishika simu nataka kuwa mtu mwingine kabisa, mwenye mapaja. Kinachoniharibia ni hiyo sura yako. Kila nikitaka kujiona mrembo, naona kama utaniuliza kitambulisho."

Siku nyingine Mama Geti angecheka mpaka akaegemea ukuta. Siku hiyo alikwenda kazini akiwaza ni nani mwingine mwenye mchezo ule, na mabinti aliowanong'oneza wakiuona watamtazamaje.

Jioni alimkuta binti yake jikoni anamenya vitunguu. Hakungoja hata avue viatu.

"Mwanangu, sura yangu inatafuta nini kwenye simu ya jirani?"

Kisu kikasimama. "Kumbe ameshafika ujemadari."

"Usinizungushe."

"Sikuzungushi, mama. Sura ni kazi yangu, nguo si kazi yangu. Pale kila mtu na kipande chake. Mimi nachora uso na nywele, mwenzangu Kipara anachora nguo, bosi ndiye anayekubali au kukataa."

"Sura zote duniani zimekwisha, ikabaki ya mama yako?"

Binti akafuta macho kwa mgongo wa mkono; vitunguu vilikuwa vikali. "Nilitakiwa nimchore mwanamke wa vita. Nikamtafuta mwanamke ninayemjua, anayesimama mlangoni na hasogezwi. Nikampata mmoja tu."

Mama Geti alihisi moyo unataka kulainika, akaukaza. "Basi si ungenivisha."

"Nilikuvisha. Wakakuvua."

Kisha binti akauliza taratibu, bila ubishi, "Mama, kinachokuudhi ni nguo au ni sura? Angekuwa na uso wa mtu mwingine, ungeniuliza?"

Mama Geti akainama kuvua viatu. Alikuwa amekwisha ona wanawake wa namna ile kwenye simu za watu, kwenye mabango ya maduka, akageuza uso na kuendelea na safari yake.

"Wewe mwenyewe," binti aliendelea, "ulipoanza kazi walikupa suruali, ukaikataa. Ukasimama getini na sketi yako ndefu mpaka wakachoka. Uliwaambia mwili ni wako, hakuna wa kukuchagulia nguo."

"Na huyo wa kwenye simu kachagua nini?"

"Hawezi kuchagua, amechorwa. Ndiyo maana lazima wenye mikono tuwe na aibu kwa niaba yake. Hilo ndilo tunalogombania kila siku ofisini. Niachie mama, nitalimaliza taratibu."

"Mchezo unatoka lini kwa watu wote?"

"Mwisho wa wiki."

Mama Geti hakuona taratibu itatosha wapi hapo. Asubuhi alisali, akamwomba Mungu ampe ulimi mtulivu, akavaa sare yake na kwenda ofisini kwa mwanawe kabla ya zamu.

Kilikuwa chumba kimoja kirefu juu ya duka la kuchapisha vitabu vya shule. Mapazia yalifungwa ili mwanga usiguse vioo vya kompyuta, nyaya zilitambaa chini, vikombe vya chai vilikauka mezani. Viatu viliachwa mlangoni kwa sababu ya zulia. Bosi, kijana mwembamba, alitembea na soksi kutwa nzima, na wafanyakazi walimwita Soksi mbele yake wala hakuudhika.

Wa kwanza kumwona alikuwa Kipara. Akainua kichwa, akamtazama mgeni, akatazama kioo chake, akamtazama tena mgeni. Kisha akainamisha macho kama mtu aliyefungua mlango wa bafu bila kubisha.

"Shikamoo, mama," akasema Soksi.

"Marahaba. Nimefuata uso wangu."

Binti yake alisimama kutoka kwenye meza ya mwisho. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu aliyechoka kabla kazi haijaanza.

Soksi alikuwa na adabu. Akamvutia kiti, akamweleza. Wachezaji waliulizwa. Walionyeshwa mwanamke aliyevaa na asiyevaa, wakamchagua wa pili, na si wanaume tu. "Hata wanawake, mama. Ni mchezo. Hakuna anayeumia."

"Uliwaonyesha aliyevaa akiwa askari wa chini," binti akasema, "na huyu akiwa jemadari. Nani asiyetaka ujemadari? Ungewaonyesha jemadari aliyevaa tukaona."

"Hayo tumeshayazungumza."

"Umeyazungumza wewe."

Kipara akakohoa. "Mama, mimi nachora ninachoagizwa. Na huyu alituambia kweli kwamba ni sura ya mama yake. Tukadhani anatutisha tu, ili tusiguse lile koti."

"Nilitaka mjue ana mwenyewe," binti akajibu. "Nilidhani mkijua ana mwenyewe mtaona haya."

Hapo Mama Geti akaelewa. Uso wake haukuwekwa pale kwa mapenzi peke yake, wala kwa kumdharau. Binti yake alimpanga zamu bila kumwambia. Alimsimamisha mbele ya yule mwanamke wa kuchorwa, azuie watu wasipite.

Soksi alikuwa ameshika kidevu. "Mama, nikueleze ukweli. Nguo zile ni kazi ya miezi, haziwezi kubadilika kabla ya kutoka. Labda toleo linalofuata. Sura ni kitu cha sasa hivi. Ukisema tuitoe, tunaitoa ukiangalia, na hakuna atakayekujua. Ukisema ibaki, inabaki, lakini inabaki na hizo nguo."

Wote wakamgeukia.

"Mama," binti akasema kwa sauti ndogo, "ikitoka sitakuwa na neno tena. Ikibaki, kila siku watakapomgusa watakukumbuka ulivyokaa hapa. Hata toleo linalofuata nitakuwa na pa kuanzia."

Mama Geti akatazama mikono yake juu ya magoti. Aliuona uhodari wa jambo aliloombwa. Aliona pia safu ya wanawake wa ibada, simu ikipita mkono kwa mkono, na sauti zikishuka yeye akiingia. Aliona mabinti wa sketi fupi wakitabasamu. Miaka yote alikuwa na mali moja, nayo ni kwamba watu wakimwona hawakuwa na la kusema.

"Itoeni," akasema.

Soksi akamwashiria binti kwamba kazi ni yake, aifanye mwenyewe. Binti akakaa, akashika ile kalamu ya kuchorea kwenye kioo. Kidoti kikatoka. Mwanya ukazibika. Nyusi ikaungana, ikawa nyororo kama ya mtu ambaye hajawahi kugongwa na kitu. Shavu likapungua kidogo, mdomo ukaongezeka, na Mama Geti hakuwepo tena.

Alingoja nafuu, na nafuu ikaja, lakini haikukaa. Yule mwanamke alikuwa bado amesimama palepale na vipande vyake vitatu, anapumua, ameshika upanga, anatazama mbele. Uso ulikuwa wa mtu wa umri wa binti yake.

"Na huyu sasa," Mama Geti akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, "ni mtoto wa nani?"

"Huyu?" Soksi akatabasamu, mzigo umemtoka. "Huyu si mtu yeyote, mama."

Binti akaiweka kalamu mezani. Akachukua mkoba wake, akavaa viatu vyake mlangoni, kimoja kimoja, akatoka.