Siku Zipporah Alipoacha Ukili Nyumbani

Ukitaka kumuudhi Zipporah, mwambie akae. Huyu ni mwanamke ambaye hata uji huunywa amesimama, jicho moja likiwa kikombeni na jingine likiwachunga kuku wasiingie mahindini. Mikono yake haijui kutulia. Kutwa husuka ukili, ile mikanda ya miyaa, majani makavu ya mkoma, inayoshonwa ikawa mikeka na vikapu, na husuka akitembea, akizungumza, akigomba. Kanisani mahubiri yakirefuka husuka chini ya leso aliyojitanda akidhani mchungaji haoni. Mchungaji huona, ila mikeka yote ya kanisa ni kazi ya Zipporah, basi hunyamaza.

Na mtu wa namna hiyo ndiye aliyejaliwa binti mcheza kandanda.

Si kwamba Zipporah hakuwa mtu wa michezo. Thubutu! Alipokuwa shule alicheza voliboli miaka minne, na hapa Jilore wapo bado watu wanaokumbuka alivyokuwa akipokea mpira. Ungepigwa kwa nguvu zote kutoka upande wa pili, yeye angekunja magoti, akaunganisha mikono, akautuliza na kumwinulia mwenzake kwa adabu. Huo ndio mchezo, husema mpaka leo. Mpira ukigusa chini, hapo hapo kuna aliyepata na kuna aliyekosa, hesabu inapanda, huna hata nafasi ya kupiga mwayo. Lakini mpira wa miguu? Watu ishirini na wawili wanakimbizana saa nzima na nusu, mpira unakwenda huku, unarudi kule, unapotelea kwenye mihogo ya watu, na mwishowe wanaambiwa hakuna aliyemfunga mwenzake, waende nyumbani.

"Sare!" husema kwa kinyaa. "Mtoke jasho lote lile muondoke mikono mitupu, halafu mpigane mabega ati mechi ilikuwa nzuri?"

Aliyekuwa akiyapokea maneno haya mara kwa mara ni Gharib, mchuuzi wa Malindi aliyefika Jilore kila Jumamosi kununua ukili na mikeka. Gharib alikuwa mgonjwa wa kandanda, na maradhi yenyewe hakutaka yapone.

"Mama Kahonzi, wewe wataka kula kila dakika," alimwambia siku moja huku akikunja mkeka. "Sisi twafunga. Mtu aliyefunga kutwa, ile tende moja ya magharibi, wallahi, utamu wake wewe huujui."

"Na magharibi isipoingia?"

"Ndiyo hapo sasa!" Gharib akacheka. "Ndiyo raha yenyewe, na ndiyo adhabu yenyewe."

"Basi mna wazimu," Zipporah akamwambia, mikono ikiendelea na miyaa.

Tatizo ni kwamba wazimu huo ulikuwa umeingia nyumbani kwake. Kahonzi, bintiye, alikuwa amechezea timu ya wasichana ya Jilore miaka mitatu na kufunga mabao kumi na moja. Mamake hakuwa ameona hata moja. Kwenda alikwenda, asisingiziwe. Bao moja lilifungwa akiwa ameinamia ukili wake, akirekebisha pale alipokosea kupishanisha miyaa. Jingine lilifungwa akimfukuza mbuzi aliyekuwa akila fungu lake la miyaa. La tatu hata hajui lilimkuta akifanya nini. Alisikia kelele tu, akainua kichwa, akauona mgongo wa mwanawe ukikimbia na wenziwe wakimrukia, naye akamgeukia jirani akauliza, "Nini?" Aliuliza kwa sauti, na Kahonzi akaisikia.

Jumamosi hii ilikuwa mechi ya mwisho. Jumatatu Kahonzi alikuwa anahamia Kilifi, chuoni, na timu ya Jilore ingebaki na wengine. Walikuwa wanacheza na wasichana wa Vitengeni, ambao walikuwa mbele yao kwa pointi moja. Vitengeni sare iliwatosha kuchukua kombe. Jilore ilikuwa lazima washinde.

Asubuhi Kahonzi alimkuta mamake akichambua miyaa ya kubeba uwanjani.

"Mama, leo ukili ubaki nyumbani."

"Na mikono nitaiweka wapi?"

"Popote. Nataka bao moja tu ulione. Ulione likiingia, si baada ya kuingia."

Zipporah alikuwa na jibu la mzaha tayari mdomoni. Akautazama uso wa mwanawe, akalimeza. Iliuma kuona kwamba msichana alikuwa anamwomba, tena kama mtu aliyekwisha jua atanyimwa. Akaiweka miyaa chini, akaahidi.

Basi akaenda uwanjani mikono mitupu, na dakika kumi hazijapita akahisi kuwashwa mwili mzima. Alisimama na Gharib karibu na mstari wa kati. Alikunja leso, akaikunjua. Alivunja vijiti. Alialisha vidole vyote kumi, kimoja kimoja mpaka kilie, na vilipokwisha akatamani angekuwa na vingine.

"Zimebaki ngapi mpaka mapumziko?"

"Thelathini na tano."

Akangoja. Akangoja sana.

"Na sasa?"

"Thelathini na nne, bibi we!"

Uwanjani hakukuwa na lolote. Beki wa Jilore alimpa mwenzake, mwenzake akamrudishia kipa, kipa akampa tena yule yule wa kwanza. Zipporah alihisi damu inamchemka.

"Mbona wanarudi nyuma? Lango si liko kule?"

"Wanawavuta. Subiri."

"Neno lenu ni moja tu, subiri!"

Mapumziko yalifika hakuna bao. Timu zikabadilishana pande, na sasa Jilore walikuwa wanashambulia lango la upande wa mkorosho. Lango hilo halikuwa na wavu. Gharib alikuwa ameleta jarife kuukuu alilopewa na wavuvi wa Malindi, nalo lilitosha lango moja tu. Hili lingine lilikuwa milingoti mitupu ya mwarobaini, na mstari wake ulichorwa kwa majivu ya jikoni. Kwa kuwa kivuli kilikuwa pale, watu nao walikuwa pale, wamejazana nyuma ya lango na kando yake, kila mara wakisogea hatua moja mbele. Mwalimu Okoth, aliyekuwa refa, alikuja mara mbili kuwasukuma nyuma. Akigeuka, walirudi. Majivu yote yalikwisha ishia kwenye nyayo za watu.

Zipporah alishindwa kusimama mahali pamoja. Akauzunguka uwanja akitembea upande kama kaa, maana ahadi ilikuwa ni macho, na macho hakuyatoa uwanjani. Akapita kona, akapita benchi la Vitengeni, na katika kuzunguka huko akaanza kuona jambo. Kahonzi alikuwa akisimama nyuma ya beki mmoja mrefu, nambari nne. Kila mpira ulipokuja, alisogea hatua moja kushoto. Beki hakugeuka. Safari nyingine, hatua mbili. Beki bado hakugeuka. Mpira wenyewe ulikuwa haufiki, lakini yule mtoto alikuwa anaiba kiwanja kidogo kidogo, na katika uwanja mzima hakuna aliyemshtukia.

"Ala," akasema Zipporah peke yake. Akajipenyeza katikati ya watu mpaka ubavuni mwa mlingoti, ambako angemwona vizuri zaidi.

Zilikuwa zimebaki dakika nne. Winga wa Jilore alichomoka upande wa kulia akapiga krosi. Nambari nne akaruka, mpira ukampita juu ya kichwa, na nyuma yake Kahonzi alikuwa peke yake, pale pale alipokuwa akijitengenezea tangu mapumziko. Aliupiga kwa mguu wa kushoto kabla haujatua. Kipa alirukia upande mwingine. Mpira ukaja ukikata hewa, ukipinda, ukielekea upande wa ndani wa mlingoti, na Zipporah akauona wote, tangu ulipotoka mguuni. Aliona mpaka nyuzi zake.

Mikono haikumuuliza. Magoti yalikunjika yenyewe, vidole vikashikana, vigasha vikakaa sambamba, na mpira wa mwanawe ukatua juu yake paa! Ukapanda hewani ukiwa umetulia, mpira wa kumwinulia mwenzako apige. Miaka minne ya shule hakuwahi kupokea vizuri namna ile.

Mpira ukaanguka kwenye nyasi, ukadunda, ukasimama. Halafu kelele zikalipuka.

"Bao! Bao!" walipiga mayowe watu wa Jilore.

"Bao gani? Ulikuwa unatoka nje!" wakajibu wa Vitengeni. "Ungegonga mlingoti!"

Mwalimu Okoth alikuja mbio, kipenga mdomoni, akamtazama Zipporah aliyekuwa bado amenyoosha mikono mbele.

"Mama, umefanya nini?"

Zipporah alitazama chini akaona mguu wake mmoja uko uwanjani, hatua nzima mbele ya mahali ambapo majivu yalikuwa.

"Mpira haukuvuka mstari," Mwalimu Okoth akaamua, akipaza sauti asikike. "Umeguswa na mtu wa nje. Sheria inasema niudondoshe, mchezo uendelee. Na nyinyi rudini nyuma! Mstari mmeumaliza kwa miguu yenu!"

Watu wakamgeukia Zipporah. Maneno aliyoambiwa hayafai kuandikwa, na mengine yalitoka kwa watu wanaokalia mikeka yake kila Jumapili. Yeye hakuyasikia vizuri. Alikuwa anamtazama Kahonzi, na Kahonzi alisimama pale alipopigia, mikono kiunoni, anamtazama mamake. Zipporah aliona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani mwake.

Akavua leso ya mabegani, akajiviringishia mikono yote miwili, akakaza fundo kwa meno. Hakuondoka. Aliahidi kuona bao, na bao lilikuwa bado.

Katika dakika zile zilizobaki hakukutokea jambo lolote. Kama ungeuliza, ungeambiwa Jilore walipata mipira miwili ya kurusha, Vitengeni wakaupeleka mpira pembeni wakaupotezea muda, basi. Lakini Zipporah aliufuata kila mguu uliogusa mpira. Gharib alikuwa amekuja kusimama karibu naye, uso umemsawijika.

"Zimebaki ngapi?" Zipporah akamuuliza.

"Mbili."

"Haiwezi kuwa. Itazame vizuri hiyo saa."

"Mbili, Mama Kahonzi. Sasa ni moja na nusu."

"Iambie isimame!" akasema Zipporah, na machozi yakamtoka. Alikuwa ameshinda jioni nzima akizisukuma dakika ziondoke. Sasa alizitaka zote zirudi, hata zile za kipa na beki kupeana mpira bure.

Mpira wa mwisho ulirushwa, ukapigwa kichwa, ukapita mbali juu ya mwamba wa lango. Kipenga kikalia. Sare. Wasichana wa Vitengeni wakaangukiana wakilia kwa furaha, na kombe likaletwa kutoka mezani, likaenda kwao.

Njiani kurudi, Kahonzi alitangulia na viatu mkononi. Zipporah alimfuata. Hakuna aliyewahi kumwona akitembea nyuma ya mtu, lakini leo hakuwa na haki ya kupita mbele.

"Mwanangu, nisamehe."

Kahonzi hakupunguza mwendo.

"Mikono ilikwenda yenyewe. Ningekuwa na ukili..."

"Najua, Mama. Mimi ndiye niliyekwambia uuache."

Wakatembea mpaka mwisho wa ua wa shamba la mahindi. Hapo Kahonzi akasimama bila kugeuka.

"Wanasema ungegonga mlingoti."

"Nani anasema?"

"Wote. Vitengeni, na hata wenzangu wengine. Kocha hajui, alikuwa mbali. Mimi mwenyewe sijui, nambari nne alikuwa amenikinga." Akavipachika viatu kwapani. "Nitakwenda Kilifi na sitajua."

Zipporah akaifungua leso mikononi.

"Walikuwa wapi hao wanaosema? Mimi nilikuwa pale! Ulisimama nyuma ya yule mrefu. Ukasogea kushoto moja, baadaye mbili, tangu mapumziko ulikuwa ukimwibia, naye hana habari. Krosi ilipokuja alikuwa anatazama juu. Ukaupiga kwa mguu wa kushoto haujagusa chini. Ukaanza kwenda nje, kweli, kila mtu aliona ukienda nje, halafu ukapinda. Uliponifikia ulikuwa kiganja kizima ndani ya mlingoti. Kiganja, Kahonzi, hiki hiki! Ulikuwa bao."

Kahonzi aligeuka. Akaishika mikono ya mamake, akaitazama. Vigasha vilikuwa vyekundu, vimevimba kidogo, na vumbi la mpira lilikuwa limeacha duara karibu na kifundo cha mkono wa kulia. Akaligusa kwa kidole.

"Uliona nilivyomwibia yule beki?"

"Nilikuona tangu hatua ya kwanza."

Msichana akapangusa uso kwa jezi. Akaketi kwenye majani kando ya njia, akaweka viatu chini, akapigapiga majani kando yake kumwonyesha mamake pa kukaa.

"Kaa, Mama. Sema tena, pole pole. Anzia pale krosi ilipopigwa."

Zipporah akakaa, akaanza tena.