Mgeni wa Shangazi Nyangi

Florian nilimsimamia ndoa yake mimi. Nalisema hili mwanzo kabisa ili mjue nililala chumba kimoja na nyoka gani miaka miwili pale chuo cha ufundi, kabla sijafika kwa nyoka mwenyewe. Wikiendi tulikuwaga tunakwenda wote Mwitongo, Butiama, kwa shangazi yangu Nyangi, tunakula ugali wa muhogo na maziwa mgando mpaka mikanda inalegezwa. Shangazi ndiye aliyenilea. Florian alimwita mama, naye akaitika.

Mwaka juzi Florian akapata umeneja kwenye bustani mpya ya michezo ya maji iliyokuwa inajengwa Kabasa, Bunda. Akanipigia simu niko Bweri, napiga lipu nyumba ya mwalimu. Akasema anataka mitelezo ya maji yenye sura za wanyama wa kwetu, watoto wateleze huku wanajifunza kuhifadhi. Kiboko kwa wadogo, mamba kwa wakubwa kidogo, na wa tatu, mrefu kuliko wote, chatu: unaingia mkiani juu ya mnara, unazunguka mara tatu, unatokea mdomoni ndani ya bwawa. Nani angekataa? Mimi ni fundi wa sanamu za makanisani na simba wa mageti. Niliacha lipu ya watu siku hiyohiyo.

Kiboko na mamba walinitoka vizuri. Chatu akanishinda. Nilisuka nondo, nikavisha wavu, nikapaka simenti, ndani nikaweka faiba laini, lakini mabaka yake yalikuwa uongo mtupu. Florian akasimama chini, mikono kiunoni, akasema hilo ni bomba la maji machafu lenye macho. Iliniuma kwa sababu ni kweli.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Nyuma ya mji wa shangazi, yaani boma lake, kuna majabali, na ndani ya majabali kulikuwa na chatu aliyehamia humo kabla mimi sijaoa. Kwa shangazi, chatu aliyehamia kwenye mji haitwi nyoka, anaitwa mgeni. Harushiwi jiwe, hapigiwi kelele. Kila mwezi mchanga shangazi anamwekea kuku juu ya jiwe bapa, anavua ndala, anakaa pembeni kimya mpaka mgeni atoke. Na mtu wa nje haonyeshwi mgeni anapolala bila mwenye mji kuulizwa. Hilo hata mtoto wa miaka mitano pale analijua. Mimi nilikuwa na arobaini na moja.

Nilimpeleka Florian Jumapili, shangazi akiwa kanisani. Sikumuuliza kwa sababu nilijua atakataa, tusidanganyane. Nilimwambia Florian avue viatu, nikaweka kuku, tukakaa. Mgeni akatoka taratibu, mnene kama paja langu, na nyuma ya kichwa lile kovu alilolipata kwenye moto wa nyasi. Florian akapiga picha. Akauliza kama anatokaga hivyo kila mara akiwekewa. Nikamjibu kila kitu, tena kwa raha, kama mtu anayesifia ng'ombe wake mnadani.

Kwa picha zile, chatu wangu akawa chatu kweli. Hata kovu nililichora. Chini yake nikaandika kwa mkono wangu: CHATU SI ADUI, TUMLINDE.

Miezi miwili kabla ya ufunguzi, shangazi akanipigia simu. Kuku amekaa juu ya jiwe mpaka asubuhi, mgeni hajatoka. Mwezi uliofuata, vilevile. Akaniuliza kama kuna mtu nilimleta pale. Nikasema hapana shangazi, nimlete nani. Akasema basi huenda ni yeye aliyemkosea mgeni, akaanza kufunga. Mama wa miaka sabini na sita, anashinda na maji tu, kwa kosa langu! Nilipomweleza Florian, akanigonga bega, akasema chatu wanahamahama, labda ni jike limekwenda kutaga. Nikamwamini. Nilitaka kumwamini.

Siku ya ufunguzi nikamfuata shangazi Mwitongo, nikamleta mwenyewe. Nilifikiri akiona jinsi nilivyomheshimu mgeni wake, moyo utatulia na atakula. Tulipofika, watu walikuwa wamejazana getini na hakuna aliyetazama mitelezo. Walikuwa wamezunguka sanduku la kioo. Ndani yake chatu amejikunja kwenye kona, na dada mmoja anagonga kioo kwa ufunguo ili ageuke, ampige picha. Akageuka. Nikaliona kovu.

Nilimkamata Florian kola mbele ya wageni wake. Hakushtuka hata. Akasema mnyama ana kibali, analishwa, ana daktari, na kule majabalini angekuja kuungua tena. Nikamwambia amrudishe leo hii. Akasema harudi.

"Werema, usinigombeze mimi," akasema, na shangazi amesimama palepale. "Kuku, jiwe bapa, kuvua viatu, nani alinifundisha? Nilikwenda mara moja tu, akatoka mwenyewe."

Kikulacho ki nguoni mwako, tunawaambiaga wenzetu. Nilitaka kumpasua mdomo. Lakini niligeuka kwanza kumtazama shangazi, nikaiachia kola, maana hakuwa anamwangalia Florian. Alikuwa ananiangalia mimi.

Akavua ndala kwenye vigae vilivyolowa, akaenda mpaka kwenye kioo, akakaa chini. Watu wakampisha. Akamwomba mgeni radhi kwa Kizanaki, kwa sauti ya chini, kwa niaba ya mji wake, akiwataja watu wa mji huo mmoja mmoja, waliokufa na walio hai. Mimi hakunitaja.

Alipoinuka nikapiga magoti, nikasema shangazi, nimekosa, nilikudanganya. Alivaa ndala zake polepole. Tangu nizaliwe, shangazi hajawahi kunisemesha Kiswahili. Kwake Kiswahili ni cha sokoni, cha mtendaji wa kijiji, cha watu wanaopita.

"Samahani kaka," akaniambia kwa Kiswahili, "stendi ya magari ya Butiama iko upande gani?"

Nikamwonyesha kwa mkono.