Mlango wa Sehemu ya Arobaini na Moja

Kwa miaka kumi na mitano nimejipatia riziki kwa kudanganya watu kwa kipaza sauti. Mtaani wananiita Mkalimani, na mimi huitika bila haya. Kazi yangu ni kukaa nyuma ya kibanda cha video nikitafsiri tamthilia za nje papo hapo: baba kwa sauti nzito, mama kwa sauti nyembamba, na mbwa akitokea nabweka mwenyewe. Lugha ya tamthilia iliyonipa jina najua salamu, namba mpaka sita, na matusi mawili. Mengine yote niliyasoma kwenye nyuso za waigizaji. Nani angenibishia? Wote tulikuwa hatujui, ila mimi ndiye niliyeshika kipaza sauti.

Sasa mtu wa aina hii, badala ya kutulia kwake, akakubali kwenda kutalii kwenye mji ilikorekodiwa tamthilia yenyewe.

Tiketi zilitoka kwa mpwa wangu, muuguzi, ambaye huu ni mwaka wake wa tisa huko. Alimwalika mama yake, dada yangu mkubwa, na dada akagoma kusafiri bila mimi. "Nani atanieleza?" alisema. Alitaka kuona kitu kimoja tu, mlango wa kijani wa sehemu ya arobaini na moja. Hapo mama wa tamthilia anamuaga binti yake anayeondoka, na hapo, kwa sauti yangu nyembamba, alisema: "Nenda, mwanangu. Mlango uliokutoa ndio utakaokupokea." Siku hiyo dada alikuwa benchi la mbele. Mwezi mzima alikuwa amemkatalia binti yake kwenda kusoma nje. Alitoka kibandani analia, akafika nyumbani, akamwambia mwanawe maneno yaleyale, neno kwa neno. Wiki ile ile mtoto akaondoka.

Ningependa kusema niliyatunga makusudi ili nimsaidie mpwa wangu. Wapi! Nilimwona yule mama amenyoosha mkono, nikadhani anabariki.

Jioni tuliyofika, dada akiwa anaoga, mpwa wangu alinibana jikoni. Hakupindisha maneno.

"Mjomba, nimechoka. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao na sitaki mwingine. Nataka kurudi nyumbani. Lakini mama kanitangaza mtaa mzima. Nitamwambiaje?"

"Taratibu," nikasema. Ndio ushauri wa mtu asiye na ushauri.

"Halafu ile tamthilia yako nimeitazama huku. Kwa lugha yake."

Nikaegemea sinki. "Yote?"

"Mpaka sehemu ya arobaini na moja." Akaendelea kuosha vikombe. Sikuthubutu kumuuliza yule mama alisema nini hasa.

Asubuhi nilivaa kofia pana na miwani myeusi, nikajiona mtalii kamili. Kituo cha kwanza kilikuwa hospitali, pale babu wa tamthilia alipoambiwa na daktari kwamba hana siku nyingi. Tukasukuma mlango, mvuke ukatupiga usoni. Mashati yananing'inia safu kwa safu, na nyuma ya kaunta mtu mwenye koti jeupe anapiga pasi suruali.

"Wagonjwa wako wapi?" dada akauliza.

"Wamehamishwa," nikajibu.

Mpwa wangu alizungumza na yule wa koti jeupe, wakacheka mpaka jamaa akaweka pasi chini. Kisha akanivuta pembeni. "Mjomba, hapa ni kwa dobi tangu zamani. Babu alikuwa anaambiwa doa kwenye suti yake ya harusi halitoki."

Mimi niliutangazia umma: "Mzee, ugonjwa umesambaa, hautoki." Walau kwenye kutotoka nilipatia. Shida ni kwamba babu aliendelea kuishi sehemu sitini zaidi, ikabidi nimponye kwa maombi, na kuna watu walinifuata nyumbani kuuliza ni maombi yapi.

Hofu ilinishika tulipokaribia mlango wa kijani. Ulikuwa mdogo kuliko kwenye runinga, rangi imebabuka, na watalii wamepanga foleni kupiga picha. Zamu yetu ilipofika dada alijifunga upya kitambaa cha kichwa, utadhani anaingia kusalimia wakwe. Ukutani palikuwa na kibao cha shaba kilichochongwa maandishi.

"Ndiyo yale maneno ya mama?" akauliza.

"Ndiyo," mpwa wangu akasema.

"Nisomee."

Nikajitosa. Nilisogea mbele, nikakohoa, nikatoa ile sauti nyembamba mbele ya kadamnasi: "Nenda, mwanangu. Mlango uliokutoa..." Mtalii mmoja akanipigia makofi.

"Mama, sivyo," mpwa wangu akasema. "Imeandikwa: Ukitoka, mlango huu usiujue tena."

Dada akanigeukia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, mimi na kofia yangu.

"Wewe ulisemaje?"

"Nilikosea, dada. Nilidhani ule mkono unabariki."

"Kwa hiyo mwanangu nilimpa maneno ya kubahatisha?"

Nikavua kofia. Mpwa wangu ndiye aliyesema. "Mama, mimi nilijua tangu mwaka wa pili. Kila nikiwaza kurudi nakumbuka kwamba yale maneno hayakuwepo. Na sasa nataka kurudi. Sio likizo, kurudi kabisa. Ndio maana nakuuliza hapa hapa. Ya kwako ni yapi? Ya kwenye kibao, au ya mjomba?"

Watu wa foleni walianza kunung'unika. Dada hakuwajali. Alikisogelea kibao, na mimi niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, maana nilijua akitamka vibaya kosa litakuwa langu. Kisha akaweka kiganja chake juu ya yale maandishi, akayafunika.

"Mwanamke huyu simjui," akasema, "na mwanawe simjui. Mimi nilikuambia jikoni kwangu, kwa mdomo wangu, nimekukumbatia. Nani kakwambia nilikuwa natafsiri?"

Mpwa wangu akajifuta macho kwa kiganja.

"Una masanduku mangapi?"

"Mawili, mama."

"Basi moja tunaondoka nalo sisi."

Wakashikana palepale mlangoni, wanalia. Machozi yakanitoka na mimi chini ya ile miwani. Nikaona ni wajibu wangu kusema neno la kufaa, nikafungua kinywa.

"Nyamaza wewe," dada akasema, uso wake bado uko begani kwa mwanawe. "Hapa hatuhitaji mkalimani."