Taa ya Ambrosi

Kwa miaka mitatu Bi Blandina alisali Baba Yetu yenye pengo. Alianza vizuri na wenzake, sauti yake ikitangulia, maana kanisa dogo la Mbweni halikuwa na mwimbishaji mwingine. Akalitukuza jina, akauomba ufalme, akaomba na mkate wa siku. Walipofika pale watu wanapomwomba Mungu awasamehe kama na wao wanavyosamehe, alifunga mdomo. Alisubiri wenzake wamalize mstari huo, kisha akaingia tena kwenye majaribu na yule mwovu. Waliokaa naye benchi moja walijua. Padre naye alijua, na hakumwambia kitu, kwani nani angethubutu? Bi Blandina hakuwa mtu wa kuambiwaambiwa. Mwenyewe aliona anafanya uungwana: kuliko kumwongopea Mungu mchana kweupe, bora kunyamaza.

Mstari ule aliuruka kwa sababu ya mtu mmoja, na mtu huyo alikaa Kiembe Samaki, mwendo mfupi tu kwa miguu. Aliitwa Muhiddin, dereva wa gari la shamba, lile la kuchukua abiria, mbuzi na magunia ya mihogo yote kwa pamoja.

Ambrosi alikuwa mwana pekee wa Bi Blandina. Alikuwa dresa huko Mangapwani, kazi yake kuosha na kufunga watu vidonda, na kila Jumamosi alipomaliza kazi alipanda baiskeli akarudi Mbweni, kwa kuwa Jumapili bila yeye wimbo ulikuwa nusu. Mama alianzisha, na kwenye neno la tatu mwana akaingia na sauti ya chini, nzito, iliyotulia. Watu walisema wawili hao wakiimba sifa hata popo wa kwenye paa hunyamaza. Haikuwa kweli, popo wa Mbweni hawana adabu hata kidogo, lakini ndivyo walivyosema.

Jumamosi moja ya mwaka 1952, jua limeshazama, gari la Muhiddin lilimgonga uso kwa uso kwenye kona ya kabla ya Bububu. Hakufika hospitali. Mbele ya hakimu Muhiddin alisema hakumwona kwa sababu baiskeli haikuwa na taa. Shahidi hapakuwa. Hakimu akaandika kuwa ni ajali, akaongeza maneno mawili matatu juu ya vijana wazembe wanaokwenda gizani bila taa, na kesi ikaisha. Uzembe! Kijana aliyekuwa akichemsha sindano zake mara mbili kwa hofu ya kumdhuru mgonjwa.

Taa ilikuwepo. Bi Blandina alimnunulia mwenyewe, taa ya dainamo. Baiskeli aliyorudishiwa ilikuwa imepindika gurudumu la mbele, lakini la nyuma, lenye dainamo, lilikuwa zima. Aliigeuza matairi juu, akaiweka chumbani chini ya msalaba, na kila siku hasira ilipotaka kupoa alizungusha pedali kwa mkono. Taa iliwaka. Hata siku moja haikukosa kuwaka. Alikaa akiitazama, akasema, "Mwongo yule," na hapo Ambrosi alikuwa karibu naye kabisa, kama yuko chumba cha pili anavua viatu.

Sasa ulikuwa mwezi wa Julai, mwaka 1955, na kipupwe kimeanza. Jumatano asubuhi akaja Mashavu, shoga yake wa Kiembe Samaki, muuza samaki wa kukaanga. Huyu Mashavu alikuwa Mwislamu wa kuzaliwa, na alipokufa Ambrosi alilala chini na Bi Blandina siku arubaini bila ya kuulizwa na mtu kulikoni.

"Blandina, kaa kitako."

"Nshakaa. Una nini?"

"Muhiddin anakwenda Maka. Meli ya mahujaji inaondoka Jumatatu. Keshaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Kwangu kafika jana, ati nimwie radhi kwa kunipita njiani na kikapu changu asinipakie. Nikamwambia, mimi wa nini? We nenda Mbweni."

"Akasema nini?"

"Akalia."

Mashavu akasogeza kigoda karibu, akapunguza sauti ingawa uani hapakuwa na mtu.

"Sasa nsikilize. Kwetu sisi mtu akenda kuhiji na haki ya mtu iko shingoni mwake, kenda kutembea tu. Ukikataa kumwia radhi, atakubeba huko mpaka arudi, na hija yake itaning'inia. Mahakama hawakukupa kitu, Mungu kakupa. Mwambie, sikuwii radhi, duniani wala akhera. Neno moja tu, shoga yangu, na roho yako itapoa."

Alisema hivyo kwa mapenzi, na hilo ndilo lililofanya liwe gumu. Shetani angekuja na pembe zake, Bi Blandina angemfukuza kwa ufagio. Huyu alikuja na shoga wa miaka ishirini aliyemletea na samaki wawili kwenye jani la mgomba.

Siku mbili zile hakulala vizuri wala hakula. Alilifanyia mazoezi neno lile. Alilisema akifua, akalisema akikuna nazi, mara kwa ukali, mara kwa upole wa kuchoma zaidi, na kila alipolisema alisikia utamu. Tusimsingizie, utamu wenyewe ulikuwepo.

Ijumaa alifungua Zaburi. Hakwenda kwenye zile za kuimbwa. Alikwenda kwenye zile ambazo padre huzipita haraka, za mtu aliyeonewa anayemwomba Mungu awavunje meno adui zake. Akazisoma kwa sauti, akafurahi, akarudia. Kumbe Mungu anaijua hasira! Tatizo ni kwamba mtu yule wa Zaburi, akishamaliza kulaani, kazi yenyewe humwachia Mungu, naye hugeuka akaanza kusifu. Bi Blandina alitaka kukomea kabla ya sifa. Hakuweza. Alizijua kwa moyo tangu utoto wake, ulimi ukaendelea wenyewe, na alipofika kwenye sifa alikuta koo limekaza na sauti haitoki. Yeye, mwimbishaji. Hapo aliogopa.

Jumamosi baada ya alasiri ikapigwa hodi.

"Shikamoo, Bi Blandina."

Hakuitikia. Miaka mitatu Muhiddin alikuwa akimpa shikamoo njiani, na miaka mitatu ile marahaba hakuipata. Alikuwa amekonda. Kanzu mpya ilimpwaya mabegani.

"Kaa," akamwonyesha kigoda cha Mashavu.

"Nimekuja, mama. Nnasafiri, na safari ina kurudi na kutorudi. Nimekuja kukuomba radhi kwa ya mwanao."

"Ya mwanangu yapi? Hakimu alisema ajali."

Muhiddin alitazama mikono yake. "Niliongopa. Taa ilikuwa inawaka."

Miaka mitatu Bi Blandina alikuwa akiyangoja maneno hayo. Alidhani siku atakapoyasikia atapiga kigelegele.

"Nnajua kuwa ilikuwa inawaka," akasema.

"Hujui yote, mama. Niliiona. Niliiona tangu mbali, imenyooka, haiyumbi. Nlikuwa na haraka. Nikasema huyu wa baiskeli atanipisha, wote hunipisha. Njia pale ni nyembamba, upande mmoja ukuta. Hakuwa na pa kwenda."

Bi Blandina aliinuka. Aliingia chumbani, akatoka akiiburura ile baiskeli, akaigeuza matairi juu mbele ya mgeni wake.

"Zungusha."

"Mama…"

"Zungusha, nimekwambia."

Muhiddin akashika pedali, akazungusha. Kwenye kivuli cha ukuta taa ikawaka, ndogo, ya manjano, ikamwangaza kifuani. Akazungusha mpaka akashindwa, akafunika uso na kulia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake.

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Halikuhitaji hata nguvu, ni kufungua mdomo tu likatoka. Na sasa lilikuwa zito kuliko alivyolifanyia mazoezi, maana mwanzo alikuwa akimchukia mwongo, kumbe mbele yake ameketi mtu aliyemwona Ambrosi akija na hakupunguza mwendo. Bi Blandina aligeuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Alisimama akiegemea ukuta. Alijaribu kuimba sifa, wimbo haukuja. Akaanza Baba Yetu, kwa kuwa mtu akikosa la kusema ndiyo anayoanza nayo. Jina, ufalme, mkate. Akafika kwenye pengo. Akanyamaza kama alivyozoea, akasubiri wenzake wamalize mstari.

Wenzake hawakuwepo. Chumba kilikuwa kimya, na nje mtu analia.

"Nikimwachia huyu, nabaki na nini?" akamuuliza Mungu, kwa sauti, bila adabu yoyote. "Niambie wewe. Hasira hii ndiyo inayoniletea mwanangu nyumbani. Sina njia nyingine ya kumwona. Nikiitoa, na yeye ndiyo amekwenda."

Akakumbuka kuwa na yule aliyetundikwa msalabani aliwaombea msamaha waliomtundika, misumari ikiwa bado mikononi, na mama yake amesimama pale pale chini anasikia. Zamani hakupata kumfikiria mama yule. Alisikia nini, mwanawe alipowasamehe? Labda naye alitamani kusema, subiri kwanza.

Bi Blandina akausema mstari. Aliusema kwa meno yaliyobanana, neno moja, akapumua, neno jingine, mpaka ukaisha. Hakusikia amani. Wanaosema kusamehe kunaburudisha moyo labda wao walisamehe mambo madogo, kuku aliyeibwa, mpaka wa shamba uliosogezwa. Yeye alisikia kitu kinang'oka.

Akafungua mlango.

"Muhiddin."

"Naam, mama."

"Nimekuwia radhi."

Akainua uso, macho mekundu, akauliza kwa kunong'ona, kama inavyotakiwa mtu aulize, "Duniani na akhera?"

Kumbe kuna na zaidi! Kidogo ampige. Alishika kizingiti, akangoja mpaka aliposikia kuwa sauti itatoka bila kukatika.

"Duniani na akhera. Nenda salama, Mungu akufikishe."

Muhiddin akambusu mkono, na yeye akauacha ubusiwe. Alipofika kwenye pembe ya nyumba akageuka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema Bi Blandina.

Jumapili asubuhi, kengele ya kwanza haijalia, Mashavu aliingia bila hodi, buibui limemshuka mabegani.

"Umempa!"

"Nimempa."

"Neno moja nilikwambia, moja tu, na wewe ukampa!" Akakaa, akapangusa uso kwa ncha ya buibui. "Basi jana kwenye dua yake ya safari kasimama mbele ya watu wote. Kasema taa ya Ambrosi ilikuwa inawaka, na yeye ndiye aliyemfuata kijana wa watu, na mahakamani aliongopa. Kiembe Samaki nzima inajua sasa."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Blandina, kwa kuwa ndivyo walivyozoea kusema wao wawili kwenye habari njema.

Mashavu alipoondoka, aliingia chumbani. Baiskeli alikuwa ameirudisha pale pale chini ya msalaba. Akazungusha pedali, taa ikawaka, akafungua mdomo kusema lile analolisema siku zote, akaona hapana tena wa kuitwa mwongo. Ilikuwa taa tu. Alisikiliza upande wa chumba cha pili. Hapakuwa na mtu anayevua viatu. Akalia kama hakupata kulia hata siku ya maziko, maana siku ile alikuwa na hasira ya kumshika mkono, na leo hana.

Kengele ya pili ilipolia alinawa uso, akajifunga kitambaa, akaenda.

Walipofika kwenye Baba Yetu, wale wa benchi lake walisikia sauti yake inakwenda moja kwa moja, inapita pale pale ilipokuwa ikikatika. Mzee mmoja aligeuza shingo kumtazama. Padre alipoteza ukurasa.

Kisha ukaja wakati wa wimbo wa sifa, ule alioupenda Ambrosi, ambao kwa miaka mitatu mama yake hakuuimbisha. Watu wakasimama. Bi Blandina akaanzisha, koo limefunguka, sauti safi. Kwenye neno la tatu akavuta pumzi, akaacha nafasi kidogo kwa ile sauti ya chini.

Wenzake wakamngoja. Akaendelea peke yake mpaka mwisho wa ubeti.