Mota ya Kwendea Gopalkathi

"Shika hapo hapo, mzee, usitikisike," alisema Bishu fundi, akavaa miwani yake nyeusi na kuanza kuchomelea.

Mokshed Ali alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya karakana, ameng'ang'ania fremu ya guta lake, baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, lililopinduliwa magurudumu juu. Cheche zilimwagika miguuni pake. Miaka thelathini na minne alikuwa akilikanyaga guta hilo, likibeba magunia ya mpunga, matofali, mabibi harusi, na mara mbili maiti, na hakuwahi kuliona limelala chali namna ile, tumbo nje, kama mbuzi anayesubiri kisu. Akageuza uso.

Mlangoni alisimama Lutfor, mwenzake wa kijiweni, akitafuna tambuu. "Jamani, njooni muone! Injini ya wali inazimwa leo!"

Watu wa soko la Baliadanga wakacheka. Injini ya wali ndilo jina walilompachika Mokshed tangu maguta mengine yote yafungwe mota za betri, yeye akabaki peke yake na pedeli zake, akisema kwamba sahani ya wali wa asubuhi inamtosha.

"Ndiyo injini iliyokubeba wewe na hilo tumbo lako kwenda kuposa," Mokshed alijibu bila kuinua kichwa. "Na mke ukampata."

"Nilimpata, lakini tulifika jioni, mzee! Nusura wampe mwingine."

Hata Mokshed mwenyewe alitabasamu.

Bishu aliifunga mota chini ya ubao, karibu na ekseli ya nyuma. Akapitisha nyaya hadi kwenye mpini wa kulia, akapanga betri nne ndani ya sanduku la chuma, akafunga breki mpya, maana guta lenyewe lilikuwa halijawahi kwenda kasi ya kuhitaji breki ya maana. Kisha akashika bisibisi, akasita.

"Na pedeli je? Wengine huniambia niziache, za kujipa moyo."

Mokshed alizitazama. Mipira yake iliisha zamani, akawa anazivisha vipande vya tairi kuukuu, mwaka baada ya mwaka, na kila kipande kilikuwa na bonde lililochimbwa na unyayo wake.

"Zitoe."

"Mzee?"

"Nimesema zitoe, Bishu. Nikiziona nitazikanyaga."

Bishu akazifungua na kuzitundika ukutani, kwenye msumari, paliponing'inia pedeli za wanaume wengine, jozi kwa jozi, zimeshika kutu. Mahali pake akachomelea vipande viwili vya chuma vya kuwekea miguu. Lakini Mokshed alipolijaribu guta barabarani, miguu ilikataa kutulia pale. Ilizunguka yenyewe hewani, kulia, kushoto, kulia, ikikanyaga kitu kisichokuwepo. Lutfor alicheka mpaka tambuu ikamtoka mdomoni.

Sababu ya mota ilikuwa imelala nyumbani, kwenye kitanda cha mianzi kando ya dirisha.

Anowara, mkewe, alipigwa na kiharusi msimu wa mvua uliopita. Mkono na mguu wa kulia vikafa ganzi. Maneno nayo yakaondoka yote, isipokuwa moja. "Nyumbani," alisema. Akishikwa na njaa, nyumbani. Akiumwa na mgongo, nyumbani. Jirani anayekuja kumwogesha humwambia kwa upole, "Lakini uko nyumbani, Mama Shefali. Huu si mto wako? Hili si blanketi lako?" Anowara humtazama tu, kisha hutazama dirishani.

Mokshed hakuwahi kumjibu hivyo. Alijua. Mwanamke akisema nyumbani kwa sauti ile, hamaanishi kwa mume. Anamaanisha kwa baba.

Kwa baba yake Anowara ni Gopalkathi, maili kumi na sita kuelekea kusini, ambako mzee huyo, Mungu amrehemu, aligema mitende na kupika sukari guru iliyosifiwa hadi masoko ya mbali. Zamani, kila mpunga ulipovunwa na baridi ikaanza kuuma, Mokshed alimpandisha mkewe kwenye guta akampeleka kwao akakae mwezi mzima, kama wanavyofanya wake wote. Waliondoka alfajiri, wakafika baada ya swala ya adhuhuri. Anowara alikaa nyuma, mgongo umeegemea mgongo wa mumewe, miguu ikining'inia. Mume aliitazama njia inayokuja, mke aliitazama inayobaki. "Umempita korongo, hujamwona," alimwambia. "Umempita bibi anayempiga mumewe kwa ufagio." Na Mokshed, jasho likimtiririka, alicheka huku akikanyaga.

Hayo yalikoma siku moja, miaka tisa iliyopita. Siku hiyo Hatem Mollah, kaka yake Anowara, alikuwa akimwoza binti yake kwa watu wa mjini. Mokshed alipoingia uani, Hatem alimkimbilia, si kumpokea. Alishika mpini wa guta. "Shemeji, usinielewe vibaya. Hili lipeleke nyuma, kule kwa ng'ombe. Wageni wasije wakaona. Na wewe nawe utakula huko nyuma na wapishi, sawa?" Mokshed aligeuza guta, akamwambia mkewe apande, wakarudi maili zote kumi na sita bila kutia kitu tumboni. Hakugeuka nyuma hata mara moja, lakini alijua kwamba Anowara analia, kwa vile mgongo wake ulivyotetemeka juu ya wake. Akaapa kwamba gurudumu lake halitakanyaga tena ua ule.

Baada ya hapo, kila baridi ilipoingia, mkewe alimuuliza, "Mwaka huu je, Baba Shefali?" Naye alisema, "Mbali, mke wangu. Magoti yangu."

Mwanzoni magoti yalikuwa mazima. Kadiri miaka ilivyokwenda, yakauchukua uongo ule yakaufanya kweli. Sasa kufika sokoni tu kulimtoa machozi, na basi lilikuwa halimfai Anowara, kwani mara moja walipojaribu, utingo alimnyanyua kama gunia na kanga ikamvuka mbele ya watu. Hapo ndipo Mokshed alipompigia simu Shefali, binti yao anayeshona nguo kiwandani Dhaka. "Mwanangu, nataka mota." Shefali akauliza, "Ya kubebea abiria, baba?" "Ya kumpeleka mama yako kwao." Mota na betri nne zilikuja juu ya paa la basi kabla wiki haijaisha.

Wakaondoka asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba ya haradali. Alimtandikia godoro juu ya ubao, akamzungushia mito, akamfunika blanketi mbili. Alimlaza kichwa kikiwa upande wake yeye dereva, uso ukielekea nyuma, apate kuitazama njia inayobaki kama alivyozoea.

"Tunakwenda Gopalkathi," alimwambia.

Anowara alimkazia macho muda mrefu, kama mtu aliyewahi kudanganywa.

Mokshed akazungusha mpini. Guta likanguruma kidogo kwa chini, likaondoka kana kwamba limesukumwa na mtu. Walivuka soko, wakavuka kinu cha mpunga, wakavuka daraja ambalo zamani alikuwa akishuka kulisukuma. Sasa guta lilipanda bila kuhema. Akapita ule mkorosho walipokuwa wakila mchele wa kukaanga na sukari guru, akautafuta tena nyuma, akashangaa jinsi ulivyokwisha kuwa mdogo. Aliwaza: tukifika kwenye mnara wa tanuri la matofali nitampumzisha. Lakini mnara wa matofali ukatokea na kupita, naye Anowara hakuonekana kuchoka. Halafu akaona mitende. Halafu kisima cha bomba cha msikiti. Akapunguza mwendo kwa hofu, akidhani amekosea njia.

Hakukosea. Ilikuwa Gopalkathi. Jua lilikuwa halijamaliza hata kukausha umande.

Akasimama kando ya barabara, mbele ya ua wa Hatem. Mwendo wa saa moja na kitu. Miaka tisa alimwambia ni mbali, na ilikuwa saa moja na kitu. Hata kwa pedeli, hata kwa kusimama mara tano, ilikuwa asubuhi moja tu ya maisha yake. Akageuka kumtazama mkewe. Alikuwa amekaza macho kwenye mitende, pua ikicheza, akinusa moshi wa mahali fulani wanakopika sukari.

Hatem Mollah alitoka uani akiegemea fimbo. Alikuwa amekonda, ndevu zote nyeupe. Alimwangalia Mokshed, akaliangalia guta, akainama kutazama chini ya ubao.

"Umetia mota."

"Nimetia."

"Sasa hili ni gari, shemeji." Akalipiga piga ubavuni kwa kiganja, kama mtu anayesifia ng'ombe. "Lipitishe huku mbele. Liingize mpaka barazani."

Mokshed akaliingiza. Lakini neno lile, gari, lilimrudia. Angekuja na pedeli zake, angeambiwa apite mbele? Hatajua kamwe. Alimtazama mzee yule, akaona kwamba hata yeye mwenyewe pengine hajui.

Kisha Hatem akamwona aliyelala kwenye mito. Fimbo ikamponyoka.

"Anu," alisema. Hakuna mtu aliyemwita hivyo tangu baba yao afe. "Anu, hawakuniambia. Mbona hawakuniambia?" Akakaa kwenye ubao wa guta, palepale mbele ya watu wa nyumba yake, akaushika mkono uliokufa ganzi akidhani ndio unaosikia. Mokshed akauhamisha taratibu, akamwekea ule mwingine.

Walimkalisha Anowara juani. Mke wa Hatem alimletea vitumbua vya unga wa mchele vilivyolowekwa kwenye utomvu mtamu wa mtende, akamlisha kwa vidole, na Anowara akala kimoja, akala cha pili, akafungua mdomo kwa cha tatu, yeye ambaye nyumbani kwake hubembelezwa kwa kijiko kimoja cha wali. Wanawake wa jirani wakajaa. Mmoja aliyecheza naye utotoni alimvuta sikio, akamwambia, "Wewe mwizi, ulininyang'anya bangili zangu nyekundu, umekuja kunirudishia?" Nusu ya uso wa Anowara ikacheka. Mokshed alikuwa hajaiona nusu hiyo ikicheka tangu mvua zile.

Ilipofika alasiri, akaanza kukunja blanketi.

"Unafanya nini?" Hatem aliuliza.

"Turudi kabla ukungu haujashuka."

"Rudi wewe. Kwani mtu analetwa kwao asubuhi akarudishwa alasiri? Mwache akae mwezi, kama zamani."

"Hamtaweza, shemeji. Lazima ageuzwe. Hamjui anachotaka."

"Tutajifunza."

Mokshed alichuchumaa mbele ya mkewe. Alitaka sana Hatem awe amekosea. "Mama Shefali. Nikuache, au twende?"

Anowara alimtazama yeye, akamtazama kaka yake.

"Nyumbani," alisema.

"Umesikia!" Hatem akapaza sauti. "Amesema nyumbani. Anabaki!"

Mokshed alikuwa amesikia. Alisubiri ishara nyingine, jicho, kidole, chochote. Miezi sita alijigamba kwamba yeye peke yake ndiye anayelijua neno lile, na sasa lilikuwa limesimama katikati ya nyumba mbili, na hakuona limeelekea wapi. Akautazama mkono mzima wa mkewe. Ulikuwa umeshika pindo la kanga ya wifi yake, mke wa Hatem, haukulikaza, ulilishika tu.

Akainuka. Akamwita wifi yule kando na kumweleza: wali uwe laini, alishwe upande wa kushoto, ageuzwe kila swala, na usiku akihangaika asiulizwe kitu, asuguliwe tu mgongo, hapa, chini ya bega. Alisugua hewani ili aone vizuri. Kisha akarudi kwa Anowara.

"Nitakuja Ijumaa," alimwambia. "Na Ijumaa nyingine. Si mbali. Nilikudanganya, Anu. Haikuwa mbali."

Mke wake aliufumba mdomo, akaufumbua. Halafu mtu akaleta kitumbua kingine.

Njia ya kurudi aliiendesha polepole, mwendo wa pedeli, maguta mengine yakimpita yakipiga honi. Alifika kwenye daraja. Mwanamume mmoja aliyebeba kapu la bata wawili alisimama ukingoni, akainua mkono.

"Mzee, Baliadanga? Kuna nafasi?"

Mokshed alisimama. Yule mtu akazunguka nyuma, akaona godoro limetandikwa, mito imepangwa, blanketi zimekunjwa vizuri upande mmoja. Akaweka kapu lake chini, akashika ubao tayari kupanda.

"Hapo pana mtu," Mokshed alisema.

Mwanamume alitazama godoro, akatazama barabara tupu nyuma yao, mpaka kule ilikopotelea katika haradali. Bata mmoja akalia kapuni.

"Njoo ukae huku mbele na mimi," Mokshed alisema, akasogea kumpa nafasi.